Ametuambia tuchunguze, hakutuambia tuzibane midomo

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu na vijana wangu mnaonisoma humu kila wiki. Somo la leo nimelichelewesha sana. Kwanza nilikuwa na aibu, kwa sababu linaanza na kosa langu mwenyewe. Pili, sitaficha, nilikuwa na woga. Mama watoto aliniambia, "Mambo haya waachie wenyewe." Nikamjibu kwamba nitaandika kwa adabu, na nisichokijua sitakiandika. Basi nisomeni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Mnaikumbuka Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Mtandao ulizimika nchi nzima. Dar es Salaam ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku. Sisi huku Tanga tukabaki na redio, na maneno ya barazani, na simu za kawaida kwa mwenye salio na mwenye namba kichwani. Alhamisi, kabla ya Magharibi, alinijia kijana wa bodaboda msikitini akaniambia kwamba amesikia kwa utingo wa lori kuwa mtoto wa jirani yetu, anayefanya kazi ya kubeba mizigo Kariakoo, amepigwa risasi na amekufa. Tukampigia. Simu haipatikani. Tukapiga mara ya pili, haipatikani.

Baada ya sala nikashika kipaza sauti nikasema tumuombee dua marehemu.

Mama yake alikuwa uani anachambua mchele. Habari ya kifo cha mwanawe aliipata kwenye spika ya msikiti, kwa sauti yangu. Akaanguka palepale. Majirani wakatandika mikeka, watu wakaja na sukari na unga, tukakaa matanga bila maiti. Jumatatu ya tarehe 3 Novemba mtandao ukaanza kurudi, na jioni ile sauti ya yule kijana ikaingia kwenye simu ya mwenzake wa madrasa. Yuko hai. Simu yake ilipotea kwenye vurumai, namba za watu hakuzikariri, na siku zote zile alikuwa amejifungia kwa jamaa yake. Alipopata simu ya kuazima na mtandao umerudi, jambo la kwanza alilofanya ni kumtafuta mamaake.

Nilikwenda kwa yule mama kuomba radhi. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Shekhe, nani alimuona?"

Ndugu zangu, hilo ni swali la mama asiyejua kusoma vizuri, na ndilo somo zima la leo.

Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaita walioamini na kuwaamrisha kwamba akiwajia fasiki na habari, waichunguze, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakabaki kujutia walichofanya. Aya hiyo nimeisomesha zaidi ya miaka ishirini. Nami nikawadhuru watu kwa kutojua, nikabaki kujuta. Kosa lile ni langu, simsukumii mtu. Ningeweza kusubiri. Ningeweza kusema "tuwaombee wote walio safarini" nikanyamaza.

Lakini itazameni aya hiyo vizuri. Mleta habari ametajwa kuwa fasiki, mtu asiyeaminika kabisa. Amri imeshushwa kwa nani? Imeshushwa kwa wasikilizaji. Wao ndio walioambiwa wachunguze. Habari ya fasiki haikutupwa kabla ya kuangaliwa, na wala haikuamrishwa kwamba milango ya mji ifungwe ili mtu yeyote asilete habari yoyote. Mzigo umewekwa kwenye akili ya muumini.

Na kuchunguza kunataka njia. Utachunguzaje kama huwezi kumuuliza aliyekuwapo? Siku zile sita uvumi haukufungwa. Uvumi ulipanda lori, ulipanda bodaboda, ukaingia msikitini, ukapanda mpaka kwenye mimbari yangu. Kilichofungwa ni ile njia ambayo ingeusahihisha. Mwongo hahitaji mtandao, mdomo unamtosha. Mkweli ndiye anayehitaji picha, tarehe, sauti na mtu wa pili wa kuthibitisha.

Wengine mtasema, shekhe, lile lilikuwa jambo la siku chache za uchaguzi. La. Tukumbushane hatua kwa hatua.

Machi 2018 zilitolewa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu, redio au televisheni ya mtandaoni alitakiwa awe na leseni, na ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, inafika shilingi 2,100,000. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kijana mwenye simu moja anayetaka kurusha darsa la mwalimu wake angezitoa wapi? Ada zilishushwa baadaye, na hilo tulishukuru, lakini mlango wa leseni ulibaki. Mwaka huohuo wa 2018 jirani zetu wa Uganda wakawekewa kodi ya shilingi zao 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na uchaguzi wao wa Januari 2021 ukafanyika mtandao ukiwa umezimwa.

Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi wetu, mitandao kama Twitter na WhatsApp ilibanwa. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikawataka wanaotumia VPN wajitambulishe. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi zikasimamishwa kwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video iliyogusa watu waliopotea. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Septemba 2025 JamiiForums ikafungiwa kwa siku 90. Kisha ikaja Oktoba.

Basi kila hatua ilipopita kimya, iliyofuata ilikuta njia imefyekwa. Tulinyamaza kwenye ada, tukanyamaza kwenye siku 30, tukanyamaza kwenye siku 90, mpaka ikawa nchi nzima.

Sasa twendeni kwenye Qur'ani. Ndani yake mmetajwa wafalme wawili, nami nataka mlinganishe namna walivyopokea habari.

Wa kwanza ni Nabii Sulayman, amani iwe juu yake. Huyu alipewa ufalme ambao hakupewa mwingine. Upepo ulimtumikia, majini walimtumikia, ndege walijipanga mbele yake. Kama yupo mtawala ambaye angeweza kusema "najua kila kitu, sihitaji kuambiwa," basi ni yeye. Katika Sura An-Naml, kuanzia aya ya 20, alikagua ndege, hakumuona Hud-hud. Akaahidi kumwadhibu adhabu kali au kumchinja, isipokuwa amletee hoja iliyo wazi. Hud-hud akaja, ndege mdogo, akasimama mbele ya mfalme akamwambia kwamba yeye amelijua jambo ambalo mfalme hajalijua, na kwamba amemletea habari ya yakini kutoka Sabaa.

Jamani, ndege anamwambia mfalme wa majini na watu kwamba kuna usilolijua! Sulayman alifanya nini? Hakumwambia kwamba amevunja heshima. Hakumuuliza kibali chake cha kuleta habari kiko wapi. Alisema kwamba atatazama kama amesema kweli au ni katika waongo. Kisha akaandika barua, akampa yuleyule Hud-hud aipeleke, akaangalia majibu. Huko ndiko kuchunguza. Kwa habari ile ya ndege mdogo, malkia na watu wake wakaongoka.

Wa pili ni Firauni. Sura Ghafir, aya ya 28 na 29. Alisimama mtu katika jamaa za Firauni, muumini aliyekuwa akiificha imani yake, akamtetea Musa kwa hoja nyepesi. Akawaambia kwamba kama Musa ni mwongo, uongo wake utamrudia mwenyewe, na kama ni mkweli, yatawafika baadhi ya hayo anayowaonya. Hoja hii mpaka leo hakuna aliyeijibu. Firauni alijibu nini? Aliwaambia watu wake kwamba yeye hawaonyeshi ila lile analoliona yeye, na kwamba hawaongozi ila kwenye njia iliyo sawa.

Yaani macho ya taifa zima ni macho yangu. Nikiona, mmeona. Nisipotaka kuona, hakuna kilichotokea.

Simwiti kiongozi yeyote wa nchi yetu Firauni. Msije mkalikata neno langu mkalirusha nusu. Viongozi wetu ni watu, wana mema na wana makosa kama mimi niliyemtangaza mtu hai kuwa marehemu. Ninachosema ni kwamba katika kupokea habari kuna mwendo wa Sulayman na kuna mwendo wa Firauni, na kila mwenye mamlaka, awe rais, awe mkurugenzi, awe imamu wa msikiti mdogo, anachagua mwendo mmoja kila siku.

Najua hoja zitakazoletwa. Nyingi nimeshazisikia hapa msikitini baada ya sala.

Hoja ya kwanza: "Shekhe, mtandaoni kuna uongo mwingi, na uongo unaua." Kweli. Mimi ni shahidi wa hilo. Tena tuna kisa kikubwa kuliko changu, kisa cha Ifki. Mama yetu Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alizuliwa uzushi mbaya ndani ya Madina, na jambo likaendelea karibu mwezi mzima. Mtume (s.a.w.) alikuwa ni mtawala wa mji. Je, aliwakataza watu wa Madina wote wasizungumze? Hapana. Aliuliza. Alitaka ushauri kwa Ali na Usama, akamuuliza Barira aliyekuwa akimtumikia Aisha, akasimama kwenye mimbari akalalamika mbele za watu. Aya za Sura An-Nur ziliposhuka, ziliwalaumu waliopokea maneno kwa ndimi bila kuuliza, zikauliza wako wapi mashahidi wanne. Na waliothibitika kusingizia wakaadhibiwa.

Angalieni mpangilio huo. Ushahidi umetakwa, msingiziaji amejulikana, adhabu imemfikia yeye mwenyewe. Sheria za kumshitaki anayezua zipo, na mimi sitetei wazushi hata kidogo. Lakini kuwafunga mdomo watu wote kwa sababu miongoni mwao wapo waongo ni kama kuufunga mji mzima jela kwa sababu sokoni kuna mwizi.

Hoja ya pili, na hii ndiyo inayowanyamazisha Waislamu wengi: "X ina picha za uchafu. Serikali imetulinda." Ndugu zangu, nimehutubia dhidi ya uchafu huo tangu enzi za kanda za video, na nitaendelea mpaka nife. Waziri mwenye dhamana aliposema kwamba mtandao ule unaruhusu maudhui ya ngono, hakusema uongo. Lakini tuwe waadilifu. Uchafu huo umekwisha nchini tangu ufungwe? Kijana anayeutaka ameukosa? Hajaukosa. Waliokosa ni wengine: wakili aliyekuwa akieleza kesi, daktari aliyekuwa akijibu maswali, mwandishi aliyekuwa akiuliza fedha za umma zimekwenda wapi. Ukitaka kutoa mwiba mguuni hukati mguu. Na ukiona mtu kila akisema anatoa mwiba anakata mguu, basi muulize kama kweli shida yake ni mwiba.

Hoja ya tatu: "Tumeamrishwa kuwatii wenye mamlaka." Naam, Sura An-Nisaa, aya ya 59. Isomeni yote. Baada ya kuamrisha utiifu, aya hiyohiyo inasema tukikhitilafiana juu ya jambo tulirejeshe kwa Mwenyezi Mungu na Mtume. Khitilafu yenyewe imetabiriwa ndani ya aya ya utiifu. Kama raia hana haki ya kuwa na neno tofauti na la mtawala, khitilafu ingetoka wapi? Abu Bakr, Mwenyezi Mungu amridhie, alipopewa ukhalifa aliwaambia watu wamsaidie akifanya vizuri na wamnyooshe akikosea. Utamnyoosha vipi mtu ambaye makosa yake huruhusiwi kuyajua?

Na sisi tuna ahadi nyingine shingoni. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 18, imempa kila mtu uhuru wa maoni na wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, na haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Wakati wote. Haikutoa siku ya uchaguzi. Viongozi wetu wameapa kuilinda Katiba hiyo, wengine wakiwa wameshika Msahafu. Na Sura Al-Maidah inafungua kwa kuamrisha watu watimize ahadi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nataka kila mmoja aondoke nalo.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inazungumzia nini? Si pepo wala moto. Inazungumzia deni. Sura Al-Baqara, aya ya 282. Mwenyezi Mungu anaamrisha kwamba mkikopeshana kwa muda maalumu, andikeni. Mwandishi aandike kwa uadilifu. Wawepo mashahidi. Wakiitwa wasikatae. Msichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Na katika aya ya 283 akaharamisha kuficha ushahidi, akasema moyo wa mwenye kuuficha una dhambi.

Basi fanyeni kiasi. Deni la shilingi elfu kumi la muuza duka linatakiwa liandikwe, liwe na muda, liwe na mashahidi. Je, kuwafungia njia ya mawasiliano watu zaidi ya milioni 61, kwa hesabu ya sensa ya 2022, kunaweza kufanywa bila maandishi, bila muda na bila shahidi? Siku zile sita mimi sikuona karatasi iliyosema nani ameamuru, kwa kifungu gani, kwa sababu gani, mpaka lini. Kama lingekuwa deni la duka, kadhi angelikataa.

Na hili si la Waislamu peke yao, mahakama za watu wengine zimelifikia pia. Ndugu zetu wa Kashmir walizimiwa mtandao Agosti 2019. Mhariri wa gazeti, Anuradha Bhasin, mwanamke asiye Muislamu, akaenda Mahakama ya Juu ya India. Januari 2020 mahakama ikasema kwamba mtandao hauwezi kuzimwa bila kikomo, na kwamba maagizo ya kuuzima lazima yachapishwe ili mtu aweze kuyapinga mahakamani. Hukumu ile haikurudisha mtandao wote siku ileile, watu wa Kashmir waliendelea kuteseka. Lakini msingi umewekwa: anayefunga aandike.

Hapa kwetu pia wapo waliojaribu. Mei 2018 wenye blogu na watetezi wa haki walikwenda Mahakama Kuu kule Mtwara, wakapata zuio la muda dhidi ya zile kanuni, kisha zuio likaondolewa. Walishindwa, lakini waliacha kumbukumbu. Na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ilisema kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinavunja mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge likaifanyia marekebisho sheria ile. Ni mwendo wa polepole, miaka inapita. Lakini umeanzishwa na watu wachache waliokubali kuandika majina yao kwenye karatasi ya mahakama.

Basi wajibu wetu sisi raia wa kawaida ni upi? Nitataja mambo matano.

La kwanza, kuweka ushahidi. Ulichokiona kwa macho yako kiandike: siku gani, saa ngapi, wapi, ulikuwa na nani. Usitie chumvi. Picha yako usiitupe kwa woga, wala usiirushe ovyo kutafuta sifa. Mtandao uliporudi tulipokea ujumbe wa simu wa kutuonya tusisambaze picha za kuleta taharuki. Sawa, usisambaze taharuki. Lakini kuhifadhi ushahidi na kuupeleka kwa wakili, mahakamani au kwenye tume si taharuki. Novemba 2025 Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume yoyote duniani inahitaji nini? Mashahidi. Mpaka idadi ya waliokufa imekuwa jambo la kubishana, huyu anataja hii, yule anataja ile. Yule mama jirani yangu mwanawe alirudi. Wapo mama ambao watoto wao hawakurudi, nao wana haki ya kupata jibu la swali lilelile: nani alimuona?

La pili, kuchunguza kabla ya kurusha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yatosha mtu kuitwa mwongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Kila uongo unaourusha kwenye magrupu ni tofali moja unalompelekea anayetaka kujenga ukuta. Kesho atauonyesha uongo wako na kusema, "Mnaona? Ndiyo maana nafunga."

La tatu, kudai karatasi. Kanuni mpya zikiletwa kwa maoni, misikiti yetu na jumuiya zetu ziandike maoni. Mbunge akija kijijini, aulizwe: siku ile mtandao ulipozimwa, wewe uliuliza nini bungeni? Tudai maneno manne tu: agizo liandikwe, lichapishwe, liwe na mwisho, na lipingike mahakamani. Hayo si maneno ya uasi. Ni masharti ya deni la duka.

La nne, kumtetea anayefungiwa hata kama humpendi. JamiiForums ilipofungiwa, wapo kwenye jamaa yetu waliofurahi, kwa sababu mle ndani masheikh hutukanwa. Hata mimi nimetukanwa mle. Lakini ukikubali leo afungiwe adui yako bila hukumu, kesho utatumia hoja gani darsa lako likifungwa?

La tano, amani na subira. Sikufundisheni kuchoma wala kuvunja. Mali ya mtu ni haramu kwenu na damu yake ni haramu zaidi. Kupinga kwetu kuwe kwa ulimi wa kweli, kwa kalamu, kwa mahakama na kwa dua. Njia ni ndefu kuliko jiwe, lakini hairudishi maiti nyumbani.

Na kwenu viongozi wetu, kama mwandiko huu utawafikia. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba dini ni nasaha, na katika wanaostahiki nasaha akawataja viongozi na watu wote. Sina chuki nanyi. Msiwaogope wanaowaambia kwamba kuna msilolijua. Aliye hatari kwenu ni yule asemaye ndiyo kila siku, kwa sababu akiisha kuzima taa, hata nyinyi hamtaona shimo. Waacheni akina Hud-hud waje. Wachunguzeni. Mkweli mpokeeni, mwongo mhukumuni kwa ushahidi.

Nami nimeshaweka sharti kwenye msikiti wetu. Tangu Novemba ile hakuna tangazo la msiba linalopita kwenye spika mpaka nipate jina la mtu aliyeona kwa macho. Yule mama ndiye aliyenifundisha, ingawa mimi ndiye ninayeitwa mwalimu.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na tuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Warehemu waliokufa, warudishe waliopotea, wape subira mama zao, na walainishe nyoyo waliopewa amri juu yetu. Amin.

Aliyeona kosa langu katika dalili au tarehe aniandikie, nitasahihisha hadharani kama nilivyokosea hadharani.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.